Barua ya kazi niliyoisahau ndani ya daftari

Mwaka 2017 nlikuwa nasomesha hesabu skuli moja ya kutwa upande wa Kisauni, jina lake sitaji. Nlikuwa mwalimu wa bodi, yaani si TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, inayokulipa, ni skuli yenyewe kutoka kwa pesa za wazazi, mwezi huu unapata, mwezi ujao unaambiwa madam vumilia kidogo. Siku hiyo nlikuwa nimerudisha madaftari ya kidato cha pili ambayo usiku wake nimeyapitisha mbio mbio, tiki, tiki, kosa, sahihi, tarehe, lete lengine. Kengele ikalia, watoto wakatoka kukimbilia viazi karai vya yule mama wa getini, kijana mmoja akabaki. Mpole sana yule kijana, alikuwa akikaa karibu na dirisha lililovunjika kioo. Akaja mezani kwangu na karatasi imekunjwa mara nne, kingo zimelinganishwa vizuri, akanipa kwa mikono miwili akaniambia, "Madam, hii ilikuwa ndani ya daftari langu. Ishallah watakujibu."

Ilikuwa barua yangu ya kuomba kazi ya ukarani bandarini.

Nikaipokea, nikamwambia ahsante, na kabla hajafika mlangoni akageuka akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anakupa pole tu, "Sisi tulikuwa tunajua utaondoka."

Sisi. Yaani darasa zima. Na mimi niliapa moyoni kwamba hakuna aliyejua, hata walimu wenzangu sikuwa nimewaambia. Nikakaa pale kwenye kiti mpaka brek ikaisha nikijiuliza walijuaje, na kila nilivyozidi kufikiria nikaona kumbe nlikuwa nawaambia kila siku. Nlikuwa nimesomesha wale watoto muhula na nusu na majina niliyoyashika hayafiki kumi na tano. Nlikuwa nikiingia naandika ubaoni ukurasa 43, nambari 1 hadi 10, halafu natoka kusimama barazani ambako netiweki inashika nicheki imeli. Mtoto akiniuliza kwenye kugawanya sehemu, zile nusu na robo, "madam kwa nini tunageuza hii ya chini inakuja juu?" namjibu ndo fomula, shika hivyo hivyo, ndo itakuja kwa mtihani. Hakuna siku hata moja niliyowaambia "muhula ujao tutafanya kitu fulani", manake kichwani mwangu muhula ujao mimi sipo. Mtu wa kupita hapandi mnazi, na watoto wana macho, wanaona nani amekuja na jembe na nani amesimama tu kivulini akingoja gari.

Nimeona walimu wanapozungumzia skuli zetu huku Mombasa tunazungumza kuhusu vitabu, idadi ya watoto, silabasi, wazazi, joto la mwezi wa tatu chini ya mabati, na yote hayo ni kweli tupu. Lakini kuna kitu kimoja hatukigusi, nacho ni vile sisi wenyewe tunaichukulia hii kazi. Kile mwalimu anachoamini kuhusu kazi yake kinaingia darasani kabla yake. Mimi nlikuwa naamini nipo stendi nasubiri gari la kwenda kwengine, basi nikawa nasomesha kama mtu aliye stendi, na sikuhitaji kulisema.

Na sikuokota imani hiyo njiani, nilipewa nyumbani kwa upendo kabisa. Nilitaka famasia, alama zikapungua kidogo, nikaangukia ualimu wa hesabu na kemia, nikasoma Kilifi mpaka 2014. Siku jibu la chuo lilipotoka shangazi yangu alinikumbatia akaniambia, "Hakuna neno mwanangu, kusomesha si vibaya kwa mwanamke, utakuwa unarudi nyumbani mapema." Si vibaya. Mtu anaanza kazi ya maisha yake na maneno mawili hayo mkononi. Hakuna hata mmoja pale nyumbani aliyesema, na mimi pia sikusema, kwamba kusomesha hesabu ni kitu kigumu ambacho inabidi mtu akijue. Tulikuwa tunajua wote kwamba ukikosa yote si utaenda tu ukasomeshe.

Kuna msosholojia wa Marekani anaitwa Dan Lortie ambaye mwaka 1975 alieleza jambo ambalo niliposomeshwa chuoni nilinukuu tu kwa ajili ya mtihani, ila sasa naliona kwa macho. Alisema mwalimu hafanani na mwanasheria au daktari, kwa sababu mpaka mtu amalize sekondari ashakaa mbele ya walimu kama masaa 13,000 akiwatazama. Kwa hivyo siku ya kwanza anapopewa chaki tayari ana picha kamili ya mwalimu kichwani, ila ni picha ya mtu aliyekaa upande wa madeski, ameona mwalimu akiandika, akigomba, akitoa tiki, lakini hakuona mwalimu akifikiria. Hakuona kwa nini alichagua mfano huu akaacha ule. Basi na yeye anaiga kile alichokiona. Mimi nlikuwa namuiga mwalimu wangu wa darasa la sita mpaka ile namna ya kugonga ubao na vifundo vya vidole watu wakinyamaza.

Na cha kusikitisha, nlikuwa na picha nyengine bora zaidi na sikujua kama ni picha ya mwalimu. Maalim wangu wa chuo cha Kurani kule Majengo. Tulikuwa watoto kama thelathini tumekaa kwenye mikeka, kila mtu na juzuu yake, kila mtu anasoma kwa sauti mahali pake, yaani makelele ukisimama nje husikii kitu cha maana. Maalim amekaa kwenye kona anamsikiliza mmoja aliye mbele yake, mara ghafla anainua kichwa anasema, "Wewe wa nyuma, rudia hiyo aya, umevuta pasipo kuvutwa." Kati ya sauti thelathini alisikia herufi moja ya mtoto mmoja. Tulidhani ni karama. Siku hizi ndo nafahamu kwamba ni sikio lililofanya kazi miaka na miaka likijua hasa makosa gani yanatokea wapi. Bakora alikuwa nayo na sitamtetea kwa hilo, yale mambo ya mzazi kumwambia maalim "nyama yako mifupa yangu" yalituumiza wengi, na maskulini viboko vilipigwa marufuku tangu 2001 na ilikuwa haki. Lakini lile sikio jamani. Lile sikio ndo kazi yenyewe.

Kilichonibadilisha mimi lakini hakikuwa kitabu wala semina, ilikuwa korona. Machi 2020 skuli zikafungwa, na walimu wa bodi ndo tulikuwa wa kwanza kukosa mshahara kwa sababu wazazi hawalipi skuli iliyofungwa. Nikarudi kwa baba. Babangu ni fundi cherehani Bondeni, anashona kanzu na suruali, ana cherehani mbili na kibao mlangoni ambacho rangi yake ishakwisha. Nikakaa pale miezi tisa tukishona barakoa, mimi nakata na yeye anashona, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nikamtazama babangu akifanya kazi siku nzima.

Siku moja mteja akarudisha kanzu. Bwana mmoja mnene, bega moja limeshuka kuliko lengine, inaonekana alivunjika zamani. Kanzu ilikuwa inamvuta upande wa kushoto. Mimi nikasema pole pole, "Baba, lakini hiyo si makosa yako, ni bega lake." Baba hakunijibu mbele ya mteja. Alipoondoka akaitandaza ile kanzu mezani, akachukua wembe akaanza kufumua, uzi baada ya uzi, akaniambia, "Mwanangu, nguo ikirudi usiulaumu mwili wa mtu. Mwili wake ndo huo alokuja nao. Mimi ndo nilipima vibaya." Halafu akavuta lile daftari lake la vipimo, daftari limechakaa mpaka limefungwa kwa mpira, akatafuta jina la yule bwana na pembeni akaandika: bega la kushoto, shusha nusu inchi.

Walahi nilikaa kimya mchana wote. Manake mimi miaka mitano nlikuwa narudishiwa nguo na naulaumu mwili. Watoto hawa hawasomi. Watoto wa huku hesabu haziingii. Wazazi wao hawawafuatilii. Nlikuwa nasema hivyo stafurumu na wenzangu wanaitikia, na hakuna hata siku moja niliyofumua kitu. Baba ni mtu aliyeishia darasa la saba lakini kazi yake anaichukulia kama kitu kinachojulikana, kina njia zake, kina makosa yake yanayojirudia, na ukikosea unafungua daftari unaandika ili mara ya pili usikosee. Anaiita ufundi. Na mimi na digrii yangu nlikuwa naiita kazi yangu si vibaya.

Sikuondoka pale dukani nikiwa mtu mpya, nisidanganye. Skuli ziliporudi Januari 2021 niliendelea kuwa mwalimu wa bodi na bado nlikuwa natuma barua. Lakini nilinunua daftari nene, nikaandika juu yake "VIPIMO", nikaanza kuandika makosa ya watoto. Si alama, makosa. Fulani alipata nini na alifikaje pale. Mwanzo sikujua hata cha kuandika, nlikuwa naandika "hajui sehemu", ambayo ni kama fundi kuandika "mtu huyu ana mwili".

Halafu 2023 nikachukuliwa na TSC kama intani wa JSS, yaani sekondari ya chini, ule mwaka wa kwanza wa gredi ya saba, nikapelekwa skuli ya msingi ambayo nipo mpaka leo. Na mule ndani nikakutana na msichana mmoja aliyenifundisha zaidi ya chuo kizima. Nlikuwa nimewapa nusu ongeza theluthi. Akaandika 2/5. Wengi waliandika hivyo, umeongeza juu na juu, chini na chini, kosa linalojulikana dunia nzima. Zamani ningeweka kosa jekundu nikaandika jibu sahihi 5/6 pembeni, kwisha. Siku hiyo nikavuta stuli nikakaa karibu naye nikamuuliza, "Hebu niambie mwanangu, umefikaje hapa?" Akaogopa mwanzo, akadhani nimemkasirikia. Nikamwambia sina hasira, nataka kujua tu. Akasema, "Madam, kaka yangu akipiga penati mbili akafunga moja, hiyo si nusu? Halafu kesho akipiga tatu akafunga moja, hiyo theluthi. Sasa jumla si amepiga tano amefunga mbili?"

Nilinyamaza. Manake yuko sawa! Kwa penati yuko sawa kabisa, hesabu yake haina kosa lolote, penati tano mabao mawili. Mtoto hakuwa mjinga, hakuwa mvivu, alikuwa amefikiria zaidi kuliko wale waliopata 5/6 kwa kukariri. Shida yake ni kwamba nusu ya kwake ilikuwa ya kitu kimoja na theluthi ya kitu chengine, na mimi swali langu lilitaka zote ziwe za kitu kimoja, na sikuwahi kumwambia. Mimi ndo nilipima vibaya.

Basi nikachora chapati kwenye daftari lake. Nikamwambia umekula nusu asubuhi, shika hiyo. Jioni umekula theluthi ya chapati hiyo hiyo. Wewe unaniambia jumla umekula 2/5. Sasa 2/5 na nusu, ipi kubwa? Akatazama. Akahesabu kwa vidole. Akaniambia polepole, "Nusu ndo kubwa." Nikamuuliza, "Kwa hivyo asubuhi ulikula nusu, jioni ukaongeza, na tumbo likapungua?" Alicheka akaziba mdomo na mkono, halafu akashika kalamu mwenyewe akaikata ile chapati vipande sita, akahesabu vitatu, akahesabu viwili, na akaniangalia. Sikumwambia kitu. Mwenzake wa deski alikuwa ameegemea anatazama na yeye akasema "ahaa" kabla yake.

Ilichukua dakika kama kumi, na wale watoto wengine hamsini na kitu wakawa wanapiga kelele zao, hiyo nayo ni kweli, na mtu atanambia madam huwezi kukaa dakika kumi na kila mtoto. Siwezi. Lakini ile penati sasa iko kwenye daftari langu, na mwaka uliofuata nilipofika hapo kwenye sehemu nilianza na swali la penati mimi mwenyewe, darasa zima, kabla hawajakosea, nikawaacha wabishane. Baba naye hakupima kila bega la Mombasa, ila akishakutana na bega moja lililoshuka anajua wapi pa kuangalia.

Sasa najua kuna wenzangu wanasoma hapa na washakasirika. Wanasema madam unatuletea mahubiri, ualimu ni wito, ualimu ni wito, tushachoka nayo. Na mimi pia nishachoka nayo, sikilizeni vizuri. Neno wito silipendi. Nimeona linavyotumiwa. Tulipoajiriwa kama intani wa JSS tulilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, watu wenye digrii na nambari ya TSC, tunafanya kazi ile ile na vipindi vile vile, na ukilalamika unaambiwa mwalimu mzuri hafuati pesa. Aprili 2024 mahakama ya ajira ikasema kuwaweka walimu waliohitimu kama intani ni kinyume cha sheria, na Mei muhula wa pili ulipofunguliwa wengi wetu hatukuingia darasani. Nilitembea na bango barabarani kwenye jua la saa sita na sijutii hata kidogo. Mzazi mmoja aliniona akanambia, "Hata wewe madam? Si kazi ya kujitolea hiyo?" Hapana mama, si kazi ya kujitolea. Januari 2025 ndo tukathibitishwa walimu 46,000 hivi, na mwezi ule nilipoona peislipu nililia, nikampelekea baba jora la kitambaa.

Na haya hayakuanza na sisi. Wazee walioanzisha chama cha walimu cha KNUT mwaka 1957 walikuta mwalimu analipwa na misheni huyu, na serikali ya mtaa yule, kila mmoja na mshahara wake, na walipigania kuwa na mwajiri mmoja mpaka TSC ikaundwa mwaka 1967. Na tarehe 5 Oktoba 1966 kule Paris, mkutano ulioitishwa na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi Duniani ulipitisha pendekezo kuhusu hadhi ya walimu, na ndo sababu tangu 1994 siku ya walimu inaadhimishwa tarehe hiyo. Tunaimbiwa na kupewa keki siku hiyo, lakini ni wachache wanaojua lile pendekezo linasema nini. Linasema kusomesha ni taaluma, ni huduma kwa umma inayohitaji ujuzi maalum, na ujuzi huo unapatikana na kutunzwa kwa kusoma kwa bidii na bila kukoma. Hakuna mahali pale panaposema mwalimu ameitwa. Panasema anajua kitu. Na mtu anayejua kitu analipwa, na ndo maana hao wanaotaka kutulipa kidogo hupenda tuzungumzie moyo badala ya ujuzi.

Na neno wito linaharibu hata ndani ya darasa. Mwalimu anayeamini ameitwa, kipindi kikienda vibaya anajiona yeye ni mbaya, moyo wake umepungua, anaumia, anachoka, anaacha. Au anaona watoto hawana shukrani. Hatafuti kosa liko wapi kwenye kipindi chenyewe. Nimeona walimu wazuri sana wenye mapenzi kweli kweli wakisomesha vibaya miaka kumi kwa sababu walidhani mapenzi yanatosha.

Stafurumu yetu pia ina yake. Tangu JSS iingizwe kwenye skuli za msingi tumekaa meza mbili, meza ya praimari na meza ya JSS, chupa mbili za chai, na kuna wenzangu vijana hawataki kabisa kuitwa walimu wa praimari, wanaona wameshushwa. Wana sababu zao, mtu amesomea historia na dini anapewa kilimo na ufundi, hajui aanzie wapi. Lakini nimeona vile inavyofika kwa watoto. Yule anayejiona ametupwa hapa anaingia darasani na uso wa mtu aliyetupwa, na mtoto wa miaka kumi na mbili anaelewa kwamba hapa alipo yeye ni jalalani.

Kuna mzee mmoja pale kwetu, mwalimu wa zamani wa P1, kile cheti cha ualimu wa praimari, alisomea Shanzu, amebakisha mwaka astaafu. Kila siku shati limepigwa pasi, na tarehe anaiandika ubaoni kwa mwandiko ambao ungeweza kuuchapisha. Siku moja nlikuwa naandika kwenye daftari langu la vipimo akaniuliza ni nini, nikamuonyesha. Akasoma kurasa nyingi sana, nikaona miwani anaipandisha anaishusha. Halafu akaniambia, "Mwanangu, mimi nlikuwa hivi. Nlikuwa najua kila mtoto anakwama wapi. Halafu 2003 ikaja elimu ya bure, ikawa kheri kubwa, watoto waliokuwa wakiuza mifuko Kongowea wakaingia darasani, lakini mimi darasa langu likapita mia. Mia na ushei, chumba kimoja. Tangu hapo nikawa askari. Kazi yangu ikawa wanyamaze. Na ukifanya uaskari miaka mingi unasahau kwamba ulikuwa mwalimu."

Sikujua nimwambie nini. Nilimwambia tu, "Pole mwalimu." Kwa sababu hapo ndo naona tunakosea tukidhani mwalimu anachagua tu atakavyoiona kazi yake, kama kuchagua shati. Yule mzee hakuchagua. Alipewa watoto mia na chaki, na kile chumba kikamfanya askari. Ukitaka mwalimu ajione fundi mpe idadi ambayo fundi anaweza kupima. Nalisema hili kwa wote wanaokuja na zile fomu za kutathmini kila muhula, tunajaza, tunapakia mtandaoni, tunajipa alama, na hakuna hata sehemu moja nimewahi kuulizwa wiki hii mtoto gani alikosea nini na wewe ulijifunza nini. Ukimjazisha mwalimu fomu kila mara ataanza kuamini kazi yake ni kujaza fomu.

Lakini yule mzee siku mbili baadaye alikuja mezani kwetu, meza ya JSS, na kikombe chake. Akakaa. Akaniambia kuna mtoto wa gredi ya tano anasoma "b" na "d" kinyume ila kwenye maneno ya Kiswahili tu, kwenye Kiingereza hakosei, na hajui kwa nini, mimi naonaje? Sikujua. Mpaka leo hatujajua, tumemwomba madam wa gredi ya tano tumsikilize mtoto huyo akisoma siku ya Ijumaa kabla watu hawajaenda msikitini.

Yule kijana wa Kisauni wa barua nilikutana naye mwaka jana kwenye feri ya Likoni, mkubwa sasa, ana ndevu. Alinitambua yeye kwanza. "Madam! Bandari walikujibu?" Nikamwambia hawakunijibu, bado nasomesha. Nikamuomba msamaha pale pale, watu wanasukumana na mikokoteni inapita, nikamwambia mwaka ule sikuwasomesha vizuri. Akasema hakuna neno madam, ila alinitazama kwa muda, na akaniuliza kitu ambacho sikutarajia, aliniuliza kama sasa najua kwa nini ile ya chini inageuzwa inakuja juu kwenye kugawanya sehemu, kwa sababu ana mdogo wake gredi ya sita anamuuliza na yeye hawezi kumjibu. Feri ilikuwa bado haijafika upande wa pili. Nilimuelezea kwa nyuma ya risiti yake ya chakula, nusu ya chapati imegawanywa kwa robo, yaani robo ngapi zimo ndani ya nusu. Mbili. Akaikunja ile risiti akaiweka mfukoni.

Leo jioni nina madaftari hamsini na nane mezani. Nimewauliza ipi kubwa kati ya 0.15 na 0.3, na ishirini na wawili wamesema 0.15, kwa sababu kumi na tano ni kubwa kuliko tatu, nimewauliza kadhaa na ndo wanavyosema. Lakini kuna mmoja aliyesema 0.3 ndo kubwa na akapata tiki yangu, halafu nikaangalia swali la chini yake nikaona anasema 0.3 ni kubwa kuliko 0.45 pia, kumbe yeye anaamini namba ikiwa fupi ndo kubwa, alipata kwa bahati. Tiki yangu ilimdanganya. Nimeifuta. Nafikiri njia nzuri ni mita, wapime kitu kwa mikono yao, sentimita 30, sentimita 15, sentimita 45, waone zinavyolala kwenye meza. Kesho nitatoka mapema nipitie Bondeni, baba hufungua saa kumi na mbili na nusu, nimuombe tepu zake mbili za zamani.